Daftari la Wadai

Kitabu cha ubatizo cha parokia ya Balnamoyle
kililiwa na panya hadi herufi M.
Basi nimeacha kuwatafuta akina Carmont kanisani,
nawafuata kwa waliokuwa wakiwadai.

Daftari la mdai halipati panya.
Mwenyewe hulifungia sandukuni, hulilalia,
humrithisha mwanawe kabla ya kitanda.

Meza ya nne, Edinburgh, mvua inagonga kioo.
Mimi ni fundi bomba mstaafu, miwani mbili, penseli moja
(wino ni marufuku humu),
nahangaika na utepe uliofungwa na karani
aliyekuwa na hasira: fundo lake bado linabana.

Sir Hew Carmont, baroneti,
cheo cha kurithi, kama upara.

Anadaiwa na Thomas Yorstoun, mshonaji:
koti jeusi la mahameli, la kumzikia baba.
Koti liliagizwa Jumatatu.
Baba alikata roho Jumatano.

Anadaiwa na muuza mvinyo wa Leith:
makasha sita, ya harusi.
Ndivyo nilivyojua ameoa.
Mwaka uliofuata, kasha moja,
na kwa duka la jirani, kitambaa cheusi, yadi tisa.
Ndivyo nilivyojua kuhusu mtoto.
Jina lake sijalipata.
Ana yadi tisa tu, na hazijalipiwa.

Jumla ilinitoa jasho: pauni elfu kumi na mbili!
Kisha nikakumbuka, ni pauni za Kiskoti,
kumi na mbili kwa moja ya Kiingereza,
deni likanywea kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto.
Hata hivyo lilimtosha kuzama.

Wakati ule mahari ilitoka kwa baba wa binti.
Binti watatu: Marjory, Jonet, Grizel.
Sir Hew akawaahidi wakwe watatu shamba lile lile,
la chini ya kilima, lenye mawe,
ambalo benki ilikwisha kulishika rehani.
Nilicheka kwa sauti. Meza ya tano ikanitazama.

Dawa ya deni kulipa, husemwa.
Yeye alikuwa na mganga wake:
mshonaji alilipwa kwa hela ya muuza mvinyo,
muuza mvinyo kwa hela ya shemeji,
shemeji kwa barua ndefu yenye mapenzi.

Ukurasa wa mwisho, chini kabisa,
kwa herufi ndogo, kana kwamba karani aliona haya:
Euphan Gillanders, yaya. Mshahara, miaka kumi na mmoja.
Pembeni: Hajui kuandika. Ameapa.
Pembeni tena, kwa wino mwingine:
Hakuna kilichobaki.

Gillanders. Mama wa bibi yangu
alikuwa Gillanders.
Sisemi kitu. Majina hufanana,
na kila mzee aliyestaafu anatafuta wa kumlilia.
Lakini nilianza kupiga riba,
asilimia tano, mwaka juu ya mwaka, hadi leo.
Penseli iliisha ncha kabla sijamfikia babu.

Miaka kumi na mmoja: ni yeye aliyemfunga Jonet kamba za viatu,
aliyemfuta Grizel kamasi, aliyeijua ile yadi tisa
ilimfunika nani, na alikuwa anaitwaje.
Hakuna aliyemuuliza. Walimuuliza anadai ngapi.

Saa kumi na nusu Bi Rhona anazima taa za ukutani.
Nakala za kurasa nne. Nimepungukiwa peni ishirini.
"Utaleta kesho," anasema, na kufungua daftari,
jalada la kijani, kona zimelika,
anaandika: Wedderspoon, peni ishirini,
na tarehe.
Mwandiko wake ni mzuri. Utasomeka hata baada ya miaka mia tatu.

Nilifika kituo cha basi, mvua imekatika,
ndipo nikagundua sarafu ilikuwa mfuko wa ndani.
Nikaishika.
Nikairudisha mfukoni.