Dirishani, Bombo

Saa moja na nusu, foleni ya kikombe.
Wenzangu wa heroini wanakunywa methadoni.
Nesi Shekiondo anawasemesha majina yao
ajue wamemeza,
kisha wanashuka Ngamiani, kila mtu na jina lake mdomoni.

Zamu yangu, akafunga daftari.
"Wewe ni wa kokeini, Mbaruku.
Yako haijapata kikombe bado."

Bado.
Nililifumbata neno hilo kama chenji ya mwisho.

Akanipa alichokuwa nacho:
vidonge vitano vya usingizi,
kiti cha plastiki kila Jumanne tuongee,
na kadi; mkojo ukitoka safi, anagonga muhuri.

Mama akauliza, dawa iko wapi?
Nikamwonyesha kadi.
Akaigeuza, akatazama nyuma,
akaigeuza tena.

Usiku, barabara ya kumi na tano,
pua hukumbuka kabla sijakumbuka mimi.
Nafua shati lililo safi.
Nalianika gizani. Nalianua, nalifua.

Jumanne nimefika mapema mno,
mlinzi bado anasukutua,
geti lina kufuli.
Nasimama pale pale penye alama ya rangi.
Mihuri mitatu mfukoni.
Foleni ni mimi.