Mambo Mengineyo

Mimi ndimi katibu. Naandika kwa wino wa buluu,
kwa kuwa Bi Barke asema mweusi ni wa mahakama.
Kikao kilifunguliwa kwa Fatiha, saa kumi na robo,
ukumbini kwa Thureya, Kuze, ghorofa ya kwanza.
Waliohudhuria: kumi na mmoja.
Wenye udhuru: watatu,
mmoja wao marehemu, ila jina lake hatujalifuta,
na kila mwezi nikiliita
mtu humwitikia.

Hazina: shilingi elfu tisa na mia mbili.
Mafuta ya mlango wa Ndia Kuu yamepanda tena.
Mlango ule ulipakwa kijani na wapangaji watatu,
kila mmoja na kijani chake.
Mishi aukwangua kwa mswaki wa meno,
ua moja kwa juma,
na Jumanne alifika juu, palipochongwa mwaka,
jina la tajiri
na jina la fundi.
La mke aliyeuza mkufu na vikuku ili mbao ziletwe
halimo.
Tumeliandika sisi, kwa penseli,
nyuma ya ubawa wa kulia.
Mgeni mwenye kamera hataliona.
Anayefagia ataliona.

Darasa la Jumamosi: watoto ishirini na wawili.
Wasoma barua za kina nyanya kwa herufi za Kiarabu,
barua za kuomba unga, za kutukanana,
moja ya kumkataa mume kwa adabu kurasa nne.
Anayewashinda wote ni Kadzo, wa Kisauni.
Alinyosha mkono:
"Nyanyangu hakuandika barua.
Deni alilifunga fundo kwenye kamba.
Kamba nazo mwazisomesha?"
Tukanyamaza, tukaangaliana.
Iliazimiwa: nyanyake Kadzo aje,
na nauli yake itoke hazina.

Ajenda ya nne, maonyesho ya Siku ya Mashujaa,
ilikula saa mbili na birika tatu.
Bi Barke alifungua sanduku la mamake.
Kafuri ikatupiga puani.
Bendera ya rangi zetu, ile ya usiku wa uhuru,
na chini yake, imekunjwa kwa uangalifu ule ule,
ile nyekundu tupu ya zamani.

Mwanaidi alistaafu polisi, na shati lake
hadi leo pasi hulikata mistari.
Akasimama. "Hiyo haitoki humu.
Nimeapa mbele ya moja. Sikuapa mbele ya mbili."
Thureya akasema ya kale hayafichiki, hunuka tu.
Sauti zikapanda. Mtu akamwaga kahawa
(mkeka wa Thureya, gharama bado haijaamuliwa).

Bi Barke akangoja zishuke.
"Mama ndiye alozishona zote mbili,
kwa cherehani hino hino mulioweka vikombe.
Ile ngao ilimtesa. Aliikata mara mbili,
mkuki wa kwanza ulipinda.
Nyekundu alilipwa.
Hii hakulipwa,
wala hakudai."

Mwanaidi akaketi. Aliishika pindo ile ya rangi nne,
akaigeuza, akaitazama mishono kwa ndani
kama mtu anayesoma hati ya jamaa yake.

Azimio: halikufikiwa. Lahamishiwa mwezi ujao.

Mambo mengineyo.
Nondo walikuwa wametoboa kitambaa, tundu kama punje ya mchele.
Uzi ulipatikana. Sindano ilipatikana.
Kumi na mmoja sisi, miwani kumi,
ikapita mkono hata mkono,
kila mmoja akalaumu taa.
Kadzo, aliyekuja kurudisha barua,
akaulowesha uzi kwa mate
akautia mara moja, bila kukaa.

Kikao kilifungwa saa moja na dakika tano.
Nimeandika: bendera imetiwa kiraka.
Ipi,
sikuandika.