Mshiriki wa Saba

Nilifika alfajiri,
saa, mkanda, daftari;
simenti iko tayari,
  mifuko tele gatini.

Famau akacheka tu:
"Mwalimu, moyo ni kitu?
Moyo wapimwa? Subutu!"
  Nikafunga kifuani.

Akajitwika simenti,
kilo hamsini, kwa senti,
hana kadi, hana cheti,
  akapanda Mkomani.

Nyuma ninamfuata,
vichochoro twavipita,
mabega yagusa kuta,
  roho yangu i shingoni.

Moyo wake: mia moja
na thelathini. Nangoja.
Wangu, nilobeba hoja,
  wapita mia sitini.

Ngazini akapumua:
"Namba hizo nazijua;
goti ndilo laugua.
  Nalo limo jedwalini?"

Sikuwa na safu hiyo.
Nilijia pafu, moyo,
jasho, joto, vitu hivyo;
  goti sikulithamini.

Jumatatu nafundisha,
michoro nawaonyesha;
Zuena anakatisha,
  mkono upo hewani:

"Huyu Mshiriki Saba,
ni kijana au baba?
Hulala? Hupata tiba?
  Na jina lake ni nani?"

Kimya. Kwetu maadili
yaficha jina kamili.
Chaki yakatika mbili,
  kipande ki sakafuni.

Makala nairudia,
safu ya goti natia;
jina ningelitumia,
  lakini sina idhini.

Leo nimerudi gati,
nina barafu ya goti.
Famau wala haketi:
  "Leo tupime wa nani?"