Gesi Imekwisha

Usiku ule nyumba ilijaa watu
na cherehani ya Mama Eusebia ilikuwa na jino bovu:
taka-taka-ta, kimya, ta.
Nami nyuma ya pazia nikaona nimeokota almasi.
Nikanyoosha simu, nikarekodi sekunde kumi na moja
bila hodi.

Baadaye Limber alitaka mdundo wa kishindo.
Nikampa cherehani.
Kichwa chake kikakubali kabla yake.
Akasema: hapa ndipo pa kukaa.

El Alto iko juu, pumzi ni ya kukopa.
Wenzetu wa nchi za chini
humwaga mizani kumi na sita bila kupepesa;
sisi, kwenye ya nane tu, mapafu yanadai.
Basi akatunga kwa vipande,
Kihispania cha shule, Kiaymara cha jikoni,
na palipokosekana kina
akaacha pumzi yenyewe ihesabike.

Studio ni chumba cha matofali ya udongo,
mablanketi ya alpaka ukutani, trei za mayai darini.
Mara ya kwanza mvua ya mawe ikapiga mabati.
Mara ya pili, mbwa wa jirani.
Mara ya tatu jiko likapumua, likafa,
na Limber, maiki mdomoni, akasema,
"Ngoja, gesi imekwisha."
Kisha akaghani hadi mwisho bila kosa, vidole vimekufa ganzi.
Hatukuwa na nguvu ya mara ya nne.
Tukaiacha sentensi ile mlangoni, kama kiatu.

Ubeti wa tatu ndio uliokuwa wimbo:

*Kaka alipaka rangi, ukumbi wa matajiri,
ngazi hazikuwa nyingi, mbao hazikuwa nzuri,
leo wanakunywa wengi, wakicheza kwa fahari,
juu ya doa la rangi, jekundu, lisilo siri.*

Redio ikaupiga. Ikaukata dakika ya pili na nusu
ili lipite tangazo la saruji.
Na mji ukachukua nini?
Ukachukua kiatu.
"Ngoja, gesi imekwisha!" — mwalimu, alipoombwa mtihani urudiwe;
muuza mikate, kapu tupu;
mchumba aliyeachwa, kwa chaki, ukutani pa kanisa.
Soko la Alhamisi likauza fulana zenye maneno yale,
herufi moja imerukwa.
Bwana mmoja akaandika gazetini kwamba ni istiari ya taifa.
Limber akasoma mara mbili,
akaniuliza istiari hulipa kiasi gani.

Kukawa na arusi, ukumbi uleule wa rangi ya machungwa.
Waliurudia mara tano.
Limber alisimama ng'ambo ya barabara
akihesabu ghorofa, kana kwamba huenda moja imepungua.

Mama hakuwa ameusikia.
Jumapili kijana wa jirani akafungulia spika
naye akasimama uani, pini midomoni.
Hakusikia maneno. Alisikia cherehani.
Akazitoa pini moja moja.
"Hilo ni lile shati," akasema.
"La Grover. La kuzikwa nalo. Hapo nipo kwenye kola."

Sikujua. Naapa.
Nilidhani anashona ili mikono isikae bure.

Taka-taka-ta, kimya, ta. Taka-taka-ta.
"Mbona hamnifikishi mwisho?
Ile kola niliimaliza. Uzi niliukata kwa meno.
Ninyi mnanishonesha tangu Machi."

Nimeitafuta tena rekodi. Sekunde kumi na moja.
Hamna mwisho ndani yake.

Jana kaniita. Jino limetengenezwa,
cherehani siku hizi inakwenda kama maji, haina faida kwetu.
Kaketi bila kitambaa, kaniambia niwashe simu.
Kashona hewa, polepole, akizunguka shingo isiyokuwapo,
kisha kainama,
na uzi ukakatika menoni mwake: *tk*.

Hiyo nimeiweka mwisho kabisa wa ubeti wa tatu,
ambako redio haifiki.