Kabla Hujaingia Chini ya Gari

Muhibu, gari nimekuachia bandani,
pua yake inautazama ukuta wa Mama Zuhudi.
Usiliguse mpaka umalize karatasi hii.
Mwandiko umepinda, nivumilie.

Nati za tairi zilegeze gari likiwa bado chini,
uzito wake wenyewe ukushikie.
Ukilinyanyua kwanza ndipo uanze kukaza msuli,
tairi litazunguka nawe kama mmekwenda ngomani
na jeki itachoka kabla yako.

Jeki ni ya kunyanyulia.
Si ya kulala chini yake.
Yaseme hayo ukipiga mswaki, asubuhi na jioni.
Yale magogo mawili ya mkorosho kando ya mlango si kuni,
ingawa mama ameyanyemelea mara tatu.
Yaegemeze chesesi, kisha lisukume gari kwa bega.
Likitikisika, panga upya.
Na banda letu ni mchanga mtupu: weka ubao chini ya jeki,
la sivyo itazama polepole
wewe ukipiga mluzi.

Betri: kichwa cha hasi hutoka kwanza, hurudi mwisho.
Ile pete aliyokupa Somoe, ivue.
Fedha haijui uchumba, inajua umeme tu.

Bolti za huku Shangani zimelishwa chumvi tangu utoto wao,
hazifunguki kwa hasira.
Zipake dizeli jioni, ukalale.
Asubuhi zigonge kidogo kichwani
kama mtu anayebisha hodi kwa mkwewe.
Zikikataa, paka tena, ukalale tena.
Mimi nilizikata tatu kwa siku moja;
fundi Chitanda alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Unachokifungua kilaze juu ya gunia,
kutoka kushoto, kwa zamu kilivyotoka.
Kikibaki kimoja mwishoni
usije ukaniambia Wajapani walizidisha.

Rejeta ikichemka, chemsha na wewe chai yako,
kunywa na muhogo, mpaka uweze kuishika kwa kiganja.
Oili chafu iingie kwenye dumu, si kwenye mchanga:
kisima kiko hatua kumi na tisa, nimezihesabu.
Mvua ikinyesha, usifunge mlango injini ikiunguruma.
Aliyelowa hukauka.
Moshi hauna kelele.

Miwani.
Hapa ndipo nilipotaka kuanzia, nikazunguka.
Ilikuwa juu ya kiti. Nilikuwa naiona.
Nikasema ni pigo moja tu, eksozi yenyewe imeshalegea,
nikalala chali, nikatazama juu, nikagonga.
Kutu ni nyepesi, Muhibu. Inashuka kama unga wa kwenye chekeche,
huwezi kuamini kuwa ni chuma.
Nilinawa kwa maji ya kisima, nikaendelea na kazi
kwa sababu mteja alikuwa amesimama pale.
Siku nne nilimwambia mama ni usingizi.

Kesho basi la alfajiri, Ndanda.
Daktari wa Ligula alisema labda.
Nilimuuliza labda ya upande gani
akaandika tu.

Basi, breki. Pedi mpya ziko kwenye boksi nyuma ya pipa.
Nati zirudishe kwa vidole kwanza,
kisha spana, kwa msalaba: hii, halafu ile inayoitazama,
usizifuate kwa duara kama anayekuna nazi.
Kaza kwa nguvu gari likishatua.
Endesha taratibu hadi Chikongola, geuza, rudi,
kaza tena.

Miwani nimeining'iniza kwenye usukani.
Huwezi kuwasha bila kuishika.

Siku nikirudi, njoo stendi unichukue.
Usinipigie honi nikashtuka.
Njoo kwa upande wangu wa kulia,
upande huo nitakuona.