Ukucha wa Baba

Sinagogi yetu mjini Trondheim
iliwahi kuwa stesheni ya reli.
Alipokaa mkata tiketi sasa imekaa Torati,
na mtu akisali mbiombio
wazee humuuliza: unawahi treni gani?

Januari ile sheria ilianza kazi:
ng'ombe asiguswe na kisu mpaka apigwe, azimie.
Baba, Hirshe Zalkind, mchinjaji,
aliisoma gazetini mara tatu,
akalikunja gazeti, akalisokomeza
chini ya mguu mfupi wa meza.

Usiku wakaja marabi wawili, theluji mabegani.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na birika la chai.

Rabi Efroim Golandsky, mrefu, mwenye kikohozi:
"Aliyepigwa kichwani ubongo umetikisika.
Kisu kinamkuta maiti anayepumua.
Ni kibudu, hata ukikipamba kwa baraka mia."

Rabi Mendel Shapshovitz, ametoka hospitali muda ule ule:
"Na Bi Toibe, aliyeandikiwa supu ya nyama?
Moyo wa ng'ombe bado unapiga, Efroim.
Wenye dhiki wana mlango wao katika Talmudi."

"Wanao. Ukiubomoa, si mlango tena."

"Na gizani, mgonjwa ataupapasa wapi?"

Wakafungua vitabu. Vitabu vikajibizana.
Vumbi la Vilna likaangukia sukari.

Baba hakuulizwa. Alikaa pembeni,
kisu kirefu kisicho na ncha mapajani,
akipitisha makali juu ya ukucha wa kidole gumba:
kwenda, kurudi, kwenda, kurudi, mara kumi na mbili.
Pengo jembamba kama unywele, mnyama atalisikia.
Ukucha ule ulikuwa na mfereji katikati,
kama reli moja iliyopotelewa na mwenzake.

"Wanasema sisi wakatili," alisema ghafla,
akiwa hamtazami mtu.
"Daktari wa mifugo, yule Tveiterås, alilia mkutanoni."
Kimya.
"Juzi gatini wameshusha nyangumi.
Nilihesabu matundu ya chusa. Nilifika tisa."
Kimya tena.
"Lakini alilia kweli. Nilimwona."
Na hilo, nadhani, ndilo lililomnyima usingizi,
wala si nyangumi.

Wakaandika barua Vilna. Tukangoja.
Tukala heringi, tukala chewa, tukala heringi.
Samaki hachinjwi; samaki hana mjadala.
Kaka yangu Leibke akasema ataota magamba,
akapigwa kofi, nusu kwa kicheko.

Jibu likaja theluji ikianza kuoza.
Kurasa nne, wino umefifia kwa unyevu.
Golandsky akalisoma, akasema: nimeshinda.
Shapshovitz akalisoma, akasema: nimeshinda.
Mstari wa mwisho ulisema: waulizeni wagonjwa kwanza.
Bi Toibe tulikuwa tumemzika siku tisa nyuma,
ardhi ngumu, sululu zikitoa cheche.

Kila Alhamisi jioni Baba aliendelea kukipima kisu
ambacho hakikuwa na pa kwenda.
Mara moja nilimuuliza: cha nini?
Akanivuta mkono, akakigeuza kidole changu gumba,
akapitisha makali juu ya ukucha, taratibu,
kwenda, kurudi.

"Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Basi," akasema, akakirudisha alani.
"Ndicho nilichotaka waandike."