Maelezo ya Bajeti, Mwaka wa Tatu

Fomu inauliza: Eleza, kwa maneno yasiyozidi mia mbili,
manufaa yanayopimika ya wiki nane za kiangazi.
Mimi ni mhasibu. Kupima ndiyo kazi yangu.
Nina kikokotoo, nina kahawa iliyopoa,
na nje ya dirisha Omaha inachemka, nyenje wanakereza hewa
kama msumeno uliokosa mti.

Basi naanza na yanayohesabika.
Wanafunzi kumi na wawili. Walimu wanne.
Posho, malazi, glavu, slaidi za kioo,
rangi ya kahawia inayotiwa kwenye vipande vya ubongo
madoa ya ugonjwa yajitokeze
(chupa moja ni kodi yangu ya mwezi).
Na nauli ya basi ya Delfina Arguijo,
kutoka Scottsbluff, kwenye bitiruti za sukari na vumbi,
dola mia moja arobaini na mbili, kwenda na kurudi,
ambayo mwaka jana kamati iliipiga mstari mwekundu
ikaandika pembeni: Je, ni lazima?

Verlene Hruska, mwalimu wa kemia,
miaka thelathini na moja ya chaki mapafuni,
alikaa Juni nzima kando ya binti huyo wa miaka kumi na tisa
akijaribu kunasa kipande chembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Vikachanika. Vikajikunja. Kimoja kikamgandia kidoleni.
"Usikivute, mwalimu," Delfina akamwambia.
"Kiache kielee. Kitakuja chenyewe."
Mwanafunzi kamfunza mwalimu:
hilo nalo nilitie safu gani?

Halafu ile Jumatano, saa tano asubuhi,
ving'ora vya kimbunga vikijaribiwa mji mzima,
akatokea mlangoni mzee Lowell Brandt
na sahani iliyofunikwa kitambaa.
Aliendesha maili mia tatu.
Akasema, "Nimekuja kuona alikoajiriwa mke wangu."

Hakuna aliyecheka, maana hakuwa anatania.
Kwenye jokofu mkewe ni namba, tarakimu nne na herufi.
Delfina akaitafuta, akaweka slaidi, akarekebisha hadubini,
akamwachia kiti.
Mzee akatazama muda mrefu,
kofia gotini, jicho moja limefumbwa,
kama fundi anayekagua uzi wa parafujo.
Kisha akauliza:
"Jina langu lilikuwa wapi hapo?"

Binti angeweza kumpa neno refu.
Alikuwa nayo mengi, ameyakariri tangu Mei.
Akasema, "Sijui, mzee. Hakuna anayejua bado."
Na Brandt akaitika kwa kichwa, taratibu,
mtu aliyedanganywa kwa upole miaka sita
na leo kalipwa deni lake.

Tulikula ile keki. Ilikuwa ya tufaha, chini imeungua.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari,
nami nimeishi kwa methali hiyo, nimeilia mshahara.
Lakini daftari lenyewe likianza kujifuta,
ukurasa wa jana kwanza, kisha wa harusi,
kisha lile la jikoni, wapi vinakaa vijiko,
mkaguzi aanzie wapi?

Septemba Verlene alinitumia picha kutoka darasani kwake,
mji wenye ghala moja la nafaka na taa moja ya barabarani.
Ubaoni, juu kabisa, mahali pa tarehe:
HAKUNA ANAYEJUA BADO.
Chini yake mikono ishirini na mitatu imenyooshwa,
mmoja nadhani unaomba tu ruhusa ya kwenda msalani.

Maneno mia mbili yamekwisha zamani.
Nayafuta. Naandika yale yanayopendwa:
ushiriki, asilimia, machapisho mawili yanayotarajiwa.
Petroli ya maili mia tatu siiingizi, haikutoka kwetu.
Keki pia.

Ila nairudia ile safu ya kumi na nne.
Nauli ya basi, dola mia moja arobaini na mbili.
Kwenye kisanduku cha sababu naandika Ndiyo,
nangoja kidogo,
naweka nukta.